Kijiwe Kikiwa Hewani

Vijitabu vya "kujifunza kwa kucheza" vinavyopita hapa Nyarugusu ni vingi, na karibu vyote vina sura moja. Jaladani kuna mtoto anacheka, mpira mikononi. Ndani kuna ukurasa wa malengo, ukurasa wa vifaa, halafu mchezo wenyewe, halafu visanduku vya mwalimu kuweka tiki. Mwaka huu nimesoma vitatu, viwili vya Kifaransa na kimoja cha Kiswahili kilichotafsiriwa kwa haraka, na nataka kuvizungumzia kama tunavyozungumzia riwaya katika kurasa hizi: kwa kuuliza kama kazi inafanya kile inachosema inafanya. Sitataja nani kavileta. Waliovileta ni watu wa nia njema, na baadhi yao wanasoma jarida hili.

Kuna mchezo mmoja uliomo katika vyote vitatu. Mwalimu anasimama katikati ya duara. Anamrushia mtoto mpira na kusema, "Saba mara nane." Mtoto anadaka, anajibu "Hamsini na sita," anarudisha mpira. Akikosa, anakaa chini.

Tuupe haki yake kwanza. Saa nane mchana, darasa limejaa mpaka dirishani, bati linawaka, watoto wengine wamekuja na uji wa asubuhi tu tumboni. Mpira ukirushwa wote wanaamka. Mwalimu aliyewahi kufundisha zamu ya mchana hawezi kuudharau mchezo huo. Lakini hesabu iko wapi hapo? Haiko kwenye mpira. Toa mpira, weka fimbo ya kuonyeshea ubaoni, somo ni lilelile. Mpira umefanywa punda wa kubeba jedwali la kuzidisha. Na kwa yule mtoto ambaye jedwali halijamkaa kichwani, mpira unamwendea kama kiboko: darasa zima linamwona anavyoinama, anavyokaa chini. Kesho yake ataomba ruhusa ya kwenda chooni mara tu mpira ukitolewa kwenye mfuko.

Mimi nina kipimo kimoja tu cha kazi za namna hii. Je, mchezaji anaihitaji hesabu hiyo ili ashinde? Kama hesabu imebandikwa kwa nje, mchezo unakufa na hesabu haifaidiki kitu. Kama imo ndani ya mchezo, mtoto ataitafuta mwenyewe, hata kama hajui jina lake.

Vitabu vya shule navyo havijapona. Kuna swali la fizikia ambalo kila aliyesoma sekondari amelikuta kwa sura moja au nyingine: mtoto anarusha jiwe wima kwa kasi ya mita 14 kwa sekunde, tafuta kimo. Jibu ni mita 10, linatoka safi kabisa, maana namba zilichaguliwa ili litoke safi. Nani alipima hiyo 14? Mtoto huyo ni nani, na jiwe anamrushia nani? Wanafunzi wanajua vizuri kwamba hakuna jiwe. Kuna fomyula, na jiwe limevikwa juu yake kama nguo ya kuazima.

Sasa tuchukue mdako, ambao haumo katika kijitabu chochote kati ya vitatu. Watoto wa Kongo na wa Burundi kila mmoja alikuja hapa na jina lake na sheria zake, na kwa miaka hii yote zimechanganyika, kwa hiyo nitaueleza kama unavyochezwa upande wetu. Shimo dogo, kina cha vidole vitatu. Ndani vijiwe 12, na kimoja zaidi mkononi, kile cha kurusha. Mchezaji amekaa chini. Anakirusha juu, na kikiwa hewani mkono uleule unachota vijiwe kutoka shimoni hadi ukingoni, kisha unarudi kukidaka. Anarusha tena, safari hii anarudisha shimoni vile vya ziada na kubakiza nje kimoja tu. Hiyo ni duru ya moja-moja. Inafuata mbili-mbili, tatu-tatu, hivyo hivyo kwenda juu. Ukiangusha, zamu imekwisha.

Hesabu ya kwanza humo ni kugawanya. Vijiwe 12 kwa mbili-mbili vinatoka mara 6, kwa tatu-tatu mara 4, kwa nne-nne mara 3. Kwa tano-tano vinatoka mara 2 na viwili vinabaki shimoni, na hapo ndipo kesi inapoanza: hivyo viwili vinahesabiwaje? Kuna vijiji hapa wanavihesabu kama duru kamili, kuna vingine vinatupwa nje. Baki, ambalo ubaoni ni kanamba ka pembeni kanakosahaulika, huku linaamua nani ameshinda. Nimesikia msichana wa miaka kama tisa akikataa kabisa kucheza na vijiwe 13. "Kumi na tatu haigawiki," alisema, "inakuachia mabaki kila duru." Kila duru isipokuwa ya moja-moja, ndiyo. Hajawahi kusikia neno namba tasa, lakini ameshaitambua, na ameshaichukia. Kitabu gani kimewahi kumfanya mtoto aichukie namba tasa kwa sababu iliyo sahihi?

Hesabu ya pili ni ya jicho. Ukichota sawasawa na idadi inayotakiwa, hurudishi kitu. Umeokoa mrusho mzima. Kwa hiyo inalipa kuona vitatu kama vitatu bila kuvihesabu. Watu wengi huweza kujua vitu vitatu au vinne kwa kuvitupia jicho mara moja. Zaidi ya hapo lazima wahesabu, au wavigawe kwa vikundi. Mchezaji mzuri akifika tano-tano haoni tano, anaona tatu na mbili. Hicho ndicho mwalimu wa darasa la kwanza anachokitafuta muhula mzima kwa vijiti na vizibo vya soda.

Lakini utamu wenyewe uko kwenye kile kijiwe kilicho hewani, na hapa namwomba msomaji anivumilie na namba kidogo. Kijiwe kikipanda sentimita 30 juu ya mkono na kurudi, kinakaa hewani karibu nusu sekunde. Anayeanza anaona muda hautoshi, anafikiri: nikirusha juu mara mbili nitapata muda mara mbili. Haupati. Ili akae na sekunde nzima, kijiwe kinatakiwa kipande karibu sentimita 120. Kimo mara nne, muda mara mbili tu. Akitaka muda mara tatu, kimo kinakuwa mara tisa, karibu sentimita 270, juu kuliko milango yetu yote.

Na deni linakuja pembeni. Tuseme mkono umekosea wima kwa nyuzi 5. Kijiwe kilichopanda sentimita 30 kitaangukia kama sentimita 10 kutoka pale kilipotokea, mkono unakifuata bila taabu. Kosa lilelile, kijiwe kikipanda sentimita 120, linakipeleka kama sentimita 42, na sasa lazima uinue makalio. Yaani umenunua muda mara mbili, umelipa upotevu mara nne. Biashara ya hasara. Ndo maana ukiwatazama mabingwa pale bombani, wakisubiri maji, mirusho yao ni mifupi: kijiwe hakipiti paji la uso, na mkono una haraka. Wanaoanza ndio wanaorusha juu na kuangalia mbingu. Hakuna aliyewafundisha mabingwa hao kipeuo cha pili. Wamekipata kwa kupoteza zamu.

Basi, je, wanajua fizikia? Hapa ndipo ninapoachana na wapenzi wa mchezo, maana nao wapo. Kwenye semina tunaambiwa mtoto anayecheza tayari ni mwanasayansi, na ukumbi unapiga makofi. Hapana, bwana. Muulize yule bingwa kwa nini kijiwe kinarudi. Atakwambia, "Kinachoka." Umekipa nguvu ya mkono, kinaitumia kupanda, ikiisha kinaanguka. Ni jibu lenye mantiki, na wasomi wakubwa wa Ulaya walikuwa na mawazo ya jamaa yake kwa karne nyingi. Ila si sahihi. Kijiwe hakichoki. Dunia inakivuta tangu kinapoachana na vidole, na mvuto ni uleule kikipanda, kikiwa juu kabisa, na kikishuka. Mkono wa mtoto unajua ukweli, mdomo unasema kingine, na kucheza mara elfu kumi hakutaurekebisha mdomo. Pale ndipo mwalimu anapohitajika. Na pale ndipo vijitabu vyote vitatu vinaponyamaza, kwa sababu vimejaa majibu ya mwalimu kusahihisha na havina swali hata moja la kumwuliza mtoto kuhusu kile alichokwisha kukijua.

Kuuliza si jambo jipya. Mwaka 1932 Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, alitoa kitabu juu ya maadili ya watoto, na sehemu yake ya kwanza inahusu gololi. Aliwaendea wavulana wa Geneva na Neuchâtel akiwa na gololi mkononi, akawaomba wamwonyeshe jinsi ya kucheza, eti yeye alikuwa ameshasahau. Mzee mzima anaketi na watoto kama mwanafunzi wao! Mkao huo mimi nauheshimu kuliko nadharia yake. Lakini Piaget alikuwa anawinda sheria: nani kaziweka, je, zinaweza kubadilishwa. Mrusho wenyewe hakuugusa sana. Na alipofika kwa wasichana akatazama michezo myepesi zaidi, akahitimisha kwamba akili yao ya sheria haijakomaa kama ya wavulana. Angekaa alasiri moja tu kando ya shimo la mdako, akasikiliza kesi ya vile vijiwe viwili vilivyobaki, ikiwa na mashahidi na rufaa, nadhani angeifuta sentensi hiyo.

Wengine waliuliza kwenye soko. Mwaka 1985 Terezinha Nunes na wenzake walichapisha kazi yao juu ya watoto watano wa Recife, Brazili, wenye umri wa miaka 9 hadi 15, waliokuwa wakiuza nazi na vitu vingine barabarani. Watafiti walijifanya wateja. Nazi kumi ni bei gani, nikikupa noti hii utanirudishia ngapi? Watoto walipata asilimia 98. Baadaye walewale walipewa hesabu za namna ileile kwenye karatasi, bila nazi, bila mteja. Walipata asilimia 37. Sisi hatuhitaji kwenda Brazili kuliona hilo. Mtoto anayeuza dagaa kwa mafungu katika soko letu na kurudisha chenji bila kupepesa macho ndiye huyohuyo ambaye daftari lake limejaa wino mwekundu. Walio darasani wanasema hana kichwa cha hesabu. Walio sokoni wanajua ukimzubaisha atakupunja.

Turudi kwenye michezo ya kurusha, kuna mmoja ambao kijitabu kimoja kimeugusa, na kuugusa kwake ndiko kulikonisukuma kuandika. Ni rede. Waliopitia Uganda wataufananisha na kwepena, wa Kenya na kati. Warushaji wawili wamesimama mbali kidogo, hatua kumi hivi, wanarushiana mpira wa soksi. Katikati yuko mmoja anayekwepa, na ana chupa tupu anayotakiwa kuijaza mchanga kabla hajapigwa.

Mtazame yule wa katikati. Mpira ukiwa kwa mrushaji wa kwanza, anajisogeza karibu na yule wa pili, kwa sababu umbali ni muda. Mpira ukitua kwa wa pili, ameshaanza kukimbia upande wa kwanza. Lakini chupa iko katikati, mahali pabaya. Anajaza lini? Anajaza pale mpira unapopita bila kudakwa na mrushaji anakimbia kuufuata. Mpira ukienda karibu, ni tonge moja la mchanga. Ukiingia kwenye mtaro, ni matano au sita. Kwa hiyo anayecheza vizuri hakwepi mapema. Anangoja mpaka mpira umkaribie, ili yule wa nyuma asiuone hadi umempita. Chupa ni ya nusu lita. Kama kila tonge linaloingia kwenye shingo ya chupa ni mililita 20, anahitaji matonge 25, na anajua, bila kuandika popote, kama kwa mwendo huo atamaliza. Kuna mpaka sayansi ya mchanga humo ndani: mkavu unatiririka, wa mvua unaziba shingo, na ndiyo sababu masika utakuta wameficha mchanga mkavu chini ya baraza la mtu.

Na kijitabu kimefanya nini? Kimeiondoa chupa. Sababu imeandikwa: usafi. Badala yake, anayepigwa na mpira anataja namba shufwa tano ndipo aendelee kucheza. Nilisoma mara mbili nihakikishe. Chombo chote cha kupimia, chenye kiwango, muda, ujazo na uamuzi, kimetupwa, zikawekwa namba shufwa, ambazo hazina uhusiano wowote na kukwepa mpira. Aliyeandika hakuona hesabu iliyokuwepo kwa sababu ilikuwa na vumbi.

Nikiwa hapo, jambo dogo juu ya mpira wa soksi. Mwepesi unarushwa kwa nguvu na bado unafia njiani, hewa inaushinda. Watoto wajanja wanatia kijiwe ndani, na ghafla unaenda mbali na unaenda nyoofu. Pia unaumiza, ndiyo maana kila kundi lina mkaguzi wa kubinya mpira kabla ya mchezo. Swali la kwa nini jiwe linaishinda hewa kuliko matambara yenye ukubwa uleule ni somo zuri la wiki nzima. Halimo kitabuni.

Lugha nayo ina mkono wake. Watoto wetu wa Kongo hapa Tanzania wanafuata mtaala wa nyumbani, kwa Kifaransa, na wa Burundi wana wao. Mchezo unahesabiwa kwa Kiswahili, au kwa Kibembe, au kwa Kirundi, halafu kengele ikilia mtoto anavuka mpaka mwingine: baki linakuwa lingine, kugawanya kunakuwa kwingine, sabini inakuwa septante. Kile alichokijua shimoni hakina kitambulisho darasani. Sisemi Kifaransa kiondoke. Mtihani wa taifa utakuja kwa Kifaransa na vyeti tunavihitaji. Nasema swali la kwanza liulizwe kwa lugha ya shimo, jibu liandikwe ubaoni kama mtoto alivyolisema, kisha Kifaransa kiandikwe kando yake. Inachukua dakika tano. Walimu wachache wanafanya hivyo kimyakimya, wakiogopa mkaguzi.

Na tuseme wazi mabingwa hawa ni akina nani. Mdako na rede hapa ni michezo ya wasichana zaidi. Wakifika miaka kumi na miwili, kumi na mitatu, wanaambiwa wameshakuwa wakubwa, waache kukaa chini vumbini. Mchezo unaisha na foleni ya maji inabaki. Wakifika kuchagua seksyon, wangapi wanaelekezwa kwenye hesabu na fizikia? Wanaelekezwa kwenye ualimu au ushonaji, na sababu wanayopewa ni kwamba hesabu ni ngumu kwao. Miaka minne walikuwa wakipima kimo, muda, pembe na baki kwa mkono mmoja, mara mamia kwa wiki, na hakuna mtu mzima aliyewaambia hicho walichokuwa wakifanya kina jina. Mvulana anayetengeneza gari la waya anaitwa injinia na baba yake. Sijawahi kumsikia mzazi akimwita bingwa wa mdako hivyo.

Ninajua hatari ya ninayoyasema. Wasomaji wa mashirika wataliona pendekezo la mradi, na mwezi ujao kutakuwa na mdako rasmi wenye vijiwe vya plastiki na daftari la mahudhurio. Tafadhali msifanye hivyo. Mtu mzima akichutama karibu na shimo na kalamu mkononi, mchezo unabadilika palepale. Wanaanza kucheza kwa ajili yake. Saa ya kucheza ni mali ya watoto, na si kila mdako lazima uwe somo. Ninachoomba ni kidogo zaidi: kwamba anayeandika kijitabu cha nne aombe kwanza kufundishwa, apoteze zamu kadhaa, ndipo aandike.

Kuna mwalimu mmoja wa darasa la sita hapa, hataki nimtaje, ambaye amefanya hivyo bila kijitabu. Alichukua mchezo wa kurusha kijiwe na kupiga makofi kabla ya kukidaka. Kila mtu anaujua. Akachora mistari ya chaki ukutani, akauliza: kwa makofi mawili, kijiwe kinafika wapi? Manne? Sita? Sharti lilikuwa moja, makofi yaende mwendo mmoja, na kundi lilishika mdundo kwa miguu, makofi manne kwa sekunde. Kundi moja lilipata 25 kwa makofi mawili, lingine 40. Wakabishana, wakagundua mmoja alikuwa anaanza kupiga kabla kijiwe hakijatoka mkononi, wakarudia, wakachukua wastani. Mwisho ubaoni kulikuwa na namba tatu: karibu 30, karibu 120, karibu 270. Akawaambia wagawanye kila moja kwa 30. Moja, nne, tisa.

Kisha akawapa hadithi, na nadhani aliichagua makusudi. Galileo, Mwitalia, alipata mfuatano huohuo, moja, nne, tisa, kumi na sita, kwa kuviringisha mipira ya shaba kwenye mfereji wa ubao ulioinama, ili mwendo upungue aweze kuupima. Saa nzuri hakuwa nayo. Aliacha maji yatiririke kutoka chomboni kupitia tundu dogo, akapima uzito wa maji yaliyotoka. Kitabu chake juu ya mambo hayo kilichapwa Leiden, Uholanzi, mwaka 1638, wakati yeye mwenyewe akiwa amefungiwa nyumbani karibu na Florence kwa hukumu ya Kanisa ya mwaka 1633, na alibaki chini ya amri hiyo mpaka kufa. Darasa lilikaa kimya kidogo. Mvulana mmoja akauliza kama alikuwa anapewa ruhusa ya kutoka. Mwalimu akajibu kwamba alikuwa anaomba.

Halafu akarudi kwenye kijiwe, akauliza lile swali la kwa nini kinarudi. "Kinachoka," wakajibu wengi. Hakuwacheka. Akauliza: kama kinachoka, mbona kikishuka kinaongeza mwendo? Mtu aliyechoka huongeza mwendo? Walibishana mpaka kengele, na wawili kati ya mabingwa wa mdako, wasichana ambao kwa kawaida hukaa nyuma, ndio waliokuwa wakisimama kuonyesha kwa mkono.

Makofi manane hayakuwezekana darasani. Kwa hesabu yao yanahitaji 16 mara 30, sentimita 480, na paa lilikuwa chini ya hapo. Wakatoka nje. Aliyeteuliwa kurusha alirusha vizuri, wote wakahesabu kwa sauti, upepo wa kiangazi ukakichukua kijiwe, na kikatua kwenye bati la jirani. Wengine wanasema la nane lilipigwa kabla ya mlio wa bati, wengine wanasema baada. Jirani alitoka akiwa na neno lake pia. Wamekubaliana kurudia siku isiyo na upepo.